Matanga Yasiyo na Maiti

Kila Jumapili baada ya misa, orodha ya zamu ilibandikwa kwenye mlango wa jiko la shule, na kila Jumapili Theodosia Luambano aliisoma kutoka juu mpaka chini akitafuta jina lake. Kuosha vyoo: halimo. Kuchota maji: halimo. Kupasua kuni, kufagia ofisi, kuchambua maharage, kumwaga taka: wapi! Wasichana mia na arobaini walikuwa wakipiga kelele mbele ya mlango ule, huyu akilalamika kwamba amepewa vyoo wiki ya pili mfululizo, yule akiapa kwamba mgongo unamuuma tangu utotoni, na Theodosia amesimama katikati yao akiwaonea wivu. Angetoa hata blanketi lake apewe choo kimoja tu, kile cha mwisho, chenye mlango wa bawaba moja.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne na Songea ilikuwa imevimba kwa vitu. Mitumba ilifurika sokoni mpaka ikamwagika barabarani. Maduka ambayo miaka kumi nyuma yalikuwa na viberiti na mwenye duka peke yao, sasa yaliuza redio, mafuta ya nywele na biskuti kutoka nchi ambazo muuzaji hakujua kuzitamka. Kila aliyekuwa na kiwanja alifungua kitu. Wazazi wa mjini nao wakafungua shule: walikodi ghala la zamani la tumbaku upande wa Bombambili, wakaligawa kwa kuta za matofali, wakapanga madawati, wakaliita sekondari ya wasichana. Siku za joto ghala lilikumbuka kazi yake ya zamani, harufu ya tumbaku ikatoka, na somo la hisabati likaenda kwa chafya.

Theodosia alianza pale kidato cha kwanza, akiwa msichana wa kelele kama wenzake. Kidato cha pili, mwezi wa tano, usingizi ukamkimbia. Kwanza siku mbili, halafu wiki. Ukaja woga: akaogopa kengele, akaogopa chaki, akaogopa mikono yake mwenyewe. Alasiri moja akaingia chini ya meza ya maabara, akakataa kutoka. Mkuu wa shule, Bi. Benigna Ndunguru, ambaye wasichana walimwita Mama Mkuu, mwanamke mnene wa Mbinga mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alivua viatu, akatambaa, akaingia chini ya meza ile ile. Alikaa naye tangu saa nane mpaka kengele ya chakula cha jioni bila kusema neno. Kesho yake akampeleka mwenyewe hospitali ya misheni, kwenye kliniki ya akili, ambako muuguzi aitwaye Suzana aliupa ugonjwa jina, akampa Theodosia vidonge, na kila Alhamisi akampa benchi na saa moja ya kuzungumza.

Mwaka mzima akakaa kwa bibi yake, Bibi Kandida, kijijini Maposeni. Alipalilia mahindi, akameza vidonge, akajifunza kusiriba nyumba kwa udongo. Mwezi wa saba akarudishwa shuleni. Lakini alirudishwa kama kikombe cha kauri kilichounganishwa kwa gundi: kila mtu alikikwepa. Walimu hawakumwuliza maswali. Wasichana walinyamaza akiingia bwenini, wakimpisha kitandani kama wanavyopishwa watawa. Hakuna aliyemtania, hakuna aliyemwibia sabuni.

"Muhula huu ni wa majaribio," Mama Mkuu alikuwa amemwambia siku ya kwanza. "Ukae kwa utulivu. Nikiona dalili, nikiona vurugu yoyote, nitakurudisha kwa bibi yako upumzike mwaka mwingine. Sikuadhibu, mwanangu. Magoti yangu hayawezi tena kuingia chini ya meza."

Basi Theodosia akatulia. Alitulia wiki nane, akatulia hata mate akayameza kwa zamu. Hakutaka kurudi nyumbani. Alitaka jina lake kwenye mlango wa jiko.

Kisha akaja Zena.

Zena Abdulhamid alifika mwishoni mwa mwezi wa nane, amechelewa muhula kwa sababu basi kutoka Tunduru lilikwama siku tatu na yeye mwenyewe, kwa maneno yake, hakulisukuma. Kwao ni Nalasi, kwenye mikorosho. Alikuja na sanduku la bati, gunia la korosho na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Akapewa kitanda kilichokuwa wazi, yaani kile cha juu ya Theodosia, ambacho wengine wote walikuwa wamekikimbia.

"We wa chini, kabila gani?"

"Mngoni," Theodosia akajibu kwa sauti ya utulivu.

Zena akaruka chini kwa miguu yote miwili. "Alhamdulillahi! Mtumwa wangu! Nimekutafuta toka Tunduru! Haya, nitandikie kitanda. Babu yangu alimwacha babu yako shambani akamwambia ningoje hapa, na mpaka leo bado anangoja!"

Bweni zima likashika pumzi. Wangoni na Wayao ni watani tangu vita vya mababu, na mtani husema lolote bila mtu kununa. Lakini nani alithubutu kumtania Theodosia? Msichana mmoja akamvuta Zena nje akamnong'oneza habari yote. Zena akarudi. Akavua viatu, akapanda kitandani. Halafu akainamisha kichwa kutoka kitanda cha juu, nywele zikining'inia.

"Nimeambiwa uliugua akili."

"Ndiyo."

"Mbona wananidanganya? Mngoni kaipata wapi akili ya kuugua?"

Halafu kitu kikatoka kwa Theodosia, kitu kama chafya ya tumbaku, kikatoka cha pili, na kabla hajakizuia alikuwa amejishika tumbo akicheka mpaka kitanda kikalia. Alikuwa hajacheka vile miezi kumi na mitano. "Na wewe Myao," akasema akipangusa machozi, "ulitembea kwa miguu kwenda Kilwa kuuza pembe, ukamsahau mkeo njiani!" Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Lakini mbele ya Mama Mkuu, Theodosia aliufunga mdomo, akatulia.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi ikaja barua kutoka kliniki ya hospitali. Muuguzi Suzana aliwaomba wasichana wachore picha kuhusu ujasiri, uponyaji na afya ya akili. Picha zingetundikwa kwenye baraza ambako wagonjwa wanangojea, kwa maana sasa hivi wanatazama ukuta mtupu na kalenda ya mwaka juzi. Yeye mwenyewe angekuja Jumamosi ya wiki ya pili kuzipokea.

Kazi ikamwangukia Mwalimu Otto. Mwalimu Otto alikuwa amefundisha Siasa miaka kumi na mitano. Vyama vingi vilipokuja somo lake likafutwa chini ya miguu yake, akapewa Uraia, na kwa kuwa vipindi havikutosha akaongezewa Sanaa. Aliipokea Sanaa kama askari anavyopokea uhamisho.

"Ujasiri!" akasema mbele ya darasa, mkono nyuma. "Ujasiri ni nini? Chora!"

Wakachora. Huu ni mji wa Majimaji, na ukimwambia mtoto wa Songea achore ujasiri atachora mtu mwenye mkuki. Zikapatikana picha kumi na saba za watu wenye mikuki, simba wanne na jua moja likichomoza juu ya Mlima Matogoro. Mwalimu Otto akafurahi sana. Karatasi za manila zikaisha, chupa za rangi zikabaki vifuniko, na Theodosia akabaki na mikono mitupu, kwa sababu waliogawa walimruka. Walimwonea huruma.

"Muuguzi aliniambia mkuki hausaidii," akamwambia Zena walipokuwa wakila wali. "Ukiurusha, unakurudia."

"Sasa wewe ungechora nini?"

Theodosia akafikiri. "Matanga."

"Ya nani?"

"Ya ule woga. Nimeuchoka. Nataka kuulaza mkekani, miguu itokeze nje, umevaa soksi zangu za kidato cha pili. Na watani wamekuja."

Zena akaweka sahani chini. Macho yalikuwa yanawaka kama ya paka aliyeona samaki. "Na mimi nimeingia kaburini."

"Na wewe umeingia kaburini."

Kwa sababu ndivyo watani wanavyofanya msibani. Wafiwa wanalia, na mtani anakuja amejipaka majivu usoni, anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anaiba mwiko jikoni, na kaburi likiwa tayari anaruka ndani, analala, anasema hatoki na hazikwi mtu mpaka apewe kuku wake. Watu wanacheka huku machozi yanatiririka, na kucheka kule kunawashika mkono mpaka kesho yake.

Karatasi hazikuwepo, lakini nyuma ya ghala yalikuwa yamebaki magunia ya kufungia tumbaku, yamekunjwa tangu enzi za ushirika. Wakayashona manne yakawa pazia kubwa kuliko mlango. Rangi Theodosia alijua pa kuipata. Nyumba za Maposeni husiribwa na wanawake kila baada ya mavuno, na Bibi Kandida alikuwa na mkono unaotajwa mpaka vijiji vya jirani. Akafanya kama alivyofundishwa: udongo mweupe wa bondeni, mwekundu wa kichuguu, masizi ya sufuria, na uji mwepesi wa muhogo ndani yake ili udongo usipasuke ukikauka. Mwalimu Otto alipita, akalitazama lile dimbwi, akauliza kama ni somo la Kilimo, akaambiwa ndiyo, akaenda zake.

Ijumaa alasiri walikuwa kwenye uwanja wa nyuma, karibu na uzio, wakiendelea na picha. Theodosia alitaka kuwaona watani sawasawa kabla hajawachora, kwa hiyo Zena akawapaka majivu wasichana sita wa kidato cha kwanza, akawapanga mstari, akawaamuru walie.

"Hicho kilio gani? Unalia kama umepoteza peni! Umefiwa! Lieni!"

Wakalia. Watoto wa kidato cha kwanza, wametoka nyumbani miezi michache tu, ukiwapa ruhusa ya kulia huwezi kuwazima. Zena akaruka ndani ya shimo la taka, ambalo kwa bahati njema lilikuwa limechimbwa upya, akalala chali, akapaza ile sauti ya ng'ambo ya mto:

"Sitoki! Wallahi sitoki! Hazikwi Mngoni hapa mpaka nione kuku wangu!"

Wakati huo huo, nje ya uzio, Fransisko muuza maziwa alikuwa anarudi Maposeni na madumu yake matupu kwenye baiskeli. Kila Ijumaa Theodosia alimngoja penye uzio apokee salamu za bibi. Ijumaa ile Theodosia hakuwapo, alikuwa amesimama nyuma ya magunia, mikono ndani ya udongo mpaka kwenye viwiko. Fransisko akaona shimo. Akaona nyuso za majivu. Akasikia vilio, akamsikia mtani anadai kuku wa kumzikia Mngoni.

Angeuliza. Mtu wa mji mwingine angeuliza. Lakini Fransisko alilelewa vizuri, na kwao mtu hasimami penye uzio wa wafiwa akahoji kama polisi. Unavua kofia, unainamisha kichwa, unakwenda kuwaambia wenye mtu ili waje na kuni. Akavua kofia. Akainamisha kichwa. Akapanda baiskeli akapiga pedali zile kilomita zote bila kushuka hata kwenye mlima, na jua lilipokuwa linatua Maposeni yote ilikuwa inajua kwamba Theodosia, yule mtoto wa watu aliyekuwa ameanza kupona, hayupo tena.

Jumamosi saa nne wageni walikuwa wamekaa. Muuguzi Suzana mbele, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata; pembeni yake Mama Mkuu na miwani yake ya uzi; nyuma wazazi wachache wa mjini na kwaya. Wale watu wa mikuki walikuwa ukutani, mkuki mmoja baada ya mwingine. Mwishoni kabisa ilining'inia kazi ya Theodosia, imefunikwa khanga mbili, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa bado anaipaka, na mpaka sasa alikuwa na udongo mweupe mikononi na usoni.

"Nimeambiwa ya kwako ni kubwa," Mama Mkuu akamwambia kwa sauti ndogo. "Ni ya utulivu?"

"Kuna mtu amelala, Mama Mkuu."

"Vizuri."

Mwalimu Otto akasimama. "Ujasiri," akaanza, "ni nini?"

Kilichomjibu ni honi. Lori la mahindi liliingia getini likiwa limejaa watu mpaka juu ya kichwa chake, na kabla halijasimama vilio vikalipuka kama mvua ya kwanza juu ya bati. Wanawake walikuwa wamejifunga khanga viunoni. Wanaume walikuwa wameshika majembe. Kulikuwa na kuni, magunia mawili ya unga, sufuria ya kupikia watu mia, na mbele kabisa, ameshikwa mikono na watu wawili, Bibi Kandida. Alikuwa amevaa sweta lake zuri kuliko yote, la mtumba, jekundu, lenye picha ya mnyama kama kulungu mwenye pua inayong'aa na theluji pande zote.

"Theodosia wee! Mke mwenzangu! Umeniacha na nani, mzee mimi!"

Theodosia, ndani, alisikia jina lake. Akamsikia jirani yao, mama aliyekuwa akimwita mvivu kila siku ya Mungu, anapiga kelele: "Mchapakazi wetu! Jembe la kijiji!" Akamsikia katekista anasema hajawahi kuona binti mwenye sauti nzuri kama ile katika kwaya, na huyo ndiye aliyemtoa kwenye kwaya. Akageuza kichwa. Wageni wote walikuwa wamegeuza vichwa. Mama Mkuu alikuwa amesimama, na alikuwa hautazami mlango. Alikuwa anamtazama yeye.

Hii sasa ilikuwa vurugu. Vurugu yenye lori.

Akauhisi ule woga wa zamani unapanda, unaanzia magotini kama kawaida yake. Mikono ikafa ganzi. Sauti za watu zikaenda mbali, zikawa kama zinatoka ndani ya mtungi. Pale karibu kulikuwa na meza iliyowekewa soda za wageni, ina kitambaa kirefu kinachofika chini, na chini yake kulikuwa giza, pametulia, panamwita kwa jina. Hatua tatu tu. Akaipima kwa macho.

"Mtumwa," Zena akasema sikioni mwake. "Wanakulilia bure. Nenda kachukue sifa zako kabla hawajabadili mawazo."

Theodosia akavuta pumzi kama Suzana alivyomfundisha, polepole, mpaka nne. Akavuta ya pili. Magoti yalikuwa bado yanatetemeka alipoyaambia yatembee, lakini yalitembea. Akaipita ile meza. Akatoka mlangoni, kwenye jua la mwezi wa kumi, mweupe usoni kwa udongo, mweupe mikono mpaka kwenye viwiko.

"Shikamooni," akasema.

Maposeni ikakimbia. Ikakimbia yote, na majembe. Katekista alipanda juu ya lori bila kugusa ngazi. Jirani mwenye sifa alimkumbatia Fransisko, Fransisko akamkumbatia dereva, wote watatu wakafunga macho wakangoja. Na Mzee Iddi, mwenye lori, mnunuzi wa mahindi kutoka Tunduru, mtani wa ukoo wa Luambano miaka thelathini, aliyekuwa amejipaka majivu tangu alfajiri tayari kwa kazi, alirudi nyuma, akarudi nyuma, akazunguka kona ya ghala kinyumenyume, akatumbukia kwenye shimo la taka.

Bibi Kandida peke yake hakukimbia. Labda kwa uchungu, labda kwa miguu. Alimsogelea yule mweupe, akamtazama juu chini, akanyoosha mkono akamfinya sikio.

"Aii! Bibi!"

"La moto," bibi akawatangazia watu. Halafu akamshika sikio la pili, akamvuta kifuani, kwenye pua ya yule kulungu, mabega yake yakicheza. Alipomwachia, uso wake ulikuwa na alama za udongo. "Mke mwenza gani wewe? Umekufa au hukufa? Umenitoa Maposeni bila chai!"

"Sijafa, Bibi. Nilikuwa nachora."

"Unachora!" Akageuka. "Fransisko!"

"Niliona kwa macho yangu, Bibi," Fransisko akasema akiwa bado amekumbatiwa. "Shimo niliona. Mtani nilimsikia."

"Mtani ni mimi!" Zena akapaza sauti kutoka mlangoni. "Na kuku wangu sijaletewa!"

"Kuku wako?" Sauti ilitoka ardhini, nyuma ya ghala. "Nani huyo anadai kuku wangu? Mimi nimejipaka majivu toka saa kumi! Nimeleta lori! Nimo kaburini sasa hivi, watu wazima wote mashahidi, na sitoki!"

Wasichana mia na arobaini wakaanza kucheka. Waliocheka kwanza ni kidato cha kwanza, halafu kicheko kikaenda kama moto wa nyasi, kwaya, wazazi, dereva. Theodosia akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Kisha akaona viatu vya Mama Mkuu mbele yake, vikubwa, vyeusi, na kicheko kikamkauka. Akasimama.

"Theodosia."

"Naam, Mama Mkuu."

"Nilikwambia nini kuhusu vurugu?"

"Uliniambia nitulie." Akapangusa uso, akazidi kujipaka. "Mama Mkuu, naomba uitazame kwanza. Halafu unirudishe."

Wakaingia, na Maposeni nyuma yao kwa tahadhari. Theodosia akavuta zile khanga. Magunia manne yakakaa wazi: uwanja mwekundu wa kichuguu, watu weupe wamepinda migongo, katikati mkeka uliokunjwa na miguu miwili imetokeza ikiwa na soksi za shule, moja imetoboka dole gumba. Mtu mmoja amekimbia na mwiko. Pembeni kaburi jeusi la masizi, na ndani yake mtani amelala, mkono juu, vidole vitano vimetanuka vinadai. Na chini ya mti, akiwatazama wote, msichana mdogo ameshika sahani, anakula.

Wengine walikuwa wanatabasamu bila kujijua.

"Maiti ni nani?" Muuguzi Suzana akauliza.

"Ni woga wangu, Dada."

"Na mbona haujazikwa?"

"Mtani hajatoka kaburini." Akasita. Yalikuwa maneno aliyoyafikiria wiki nzima, na sasa ilibidi ayaseme mbele ya watu, wenye majembe wakiwa miongoni mwao. "Uliniambia unaweza kurudi, Dada. Hata sasa hivi ulikuja, pale kwenye meza ya soda. Nikasema basi nisijifanye nimeufukia. Ulale hapo mkekani tuuone. Watu wacheke, mimi nile. Ukiamka nitajua ulipo."

Suzana akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja kitu akakuta chumvi imekaa sawa. "Hii itakaa mkabala na benchi la Alhamisi," akasema.

Bibi Kandida alikuwa ameisogelea picha mpaka pua ikagusa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kaburi, akakinusa. "Uji wa muhogo umezidisha. Na hapa kwenye mti umesiriba kama unayekimbilia basi. Utarudia." Lakini kidole hakikuondoka, kiliendelea kupapasa zile soksi.

Mama Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Umesema ulikuja sasa hivi. Pale kwenye meza."

"Ndiyo, Mama Mkuu."

"Na hukuingia."

"Nilipima. Hukuwepo wewe, nikaona nitakaa peke yangu."

Kitu fulani kikapita usoni kwa Bi. Benigna Ndunguru, akageukia dirishani kwa haraka. "Siku ukiuona tena," akasema akiwa bado anatazama nje, "utakuja kuniambia. Hata nikiwa kwenye kikao. Utagonga."

"Nitagonga."

"Sasa hawa watu wote." Akapata sauti yake ya kazi. "Bibi, shikamoo. Poleni sana kwa usumbufu. Mnaweza kurudi na vitu vyenu."

"Marahaba, mwalimu. Kurudi na kuni za matanga?" Bibi Kandida akamtazama kama ametukanwa. "Na unga? Uingie ndani ya nyumba yangu, uite msiba mwingine?"

Mama Mkuu alikuwa wa Mbinga, alijua. Chakula kilichobebwa kwenda msibani hakirudi nyumbani, kinaliwa huko huko. Akatazama ile sufuria, akatazama picha, akatazama wasichana mia na arobaini ambao mchana ule walikuwa wapewe maharage yenye wadudu.

"Maiti ipo," akasema hatimaye, akionyesha magunia. "Washeni moto."

Wakawasha. Yakawa matanga makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika Bombambili bila mtu kufa. Mwalimu Otto, ambaye hotuba yake ilikuwa imeishia kwenye swali, alipewa mwiko, akakuta kwamba anajua kusonga ugali wa watu mia. Kwaya iliimba, katekista akamrudishia Theodosia nafasi yake mbele ya watu, hakuwa na njia. Na shimoni Mzee Iddi na Zena walibishana saa nzima, mmoja ndani mmoja ukingoni, mtani yupi ni wa haki, mpaka Mama Mkuu akaagiza kuku wawili kutoka bandani kwake. Mzee Iddi akatoka, amemkumbatia wa kwake, akishangiliwa kama mbunge.

Jumapili baada ya misa orodha ikabandikwa. Theodosia alifika wa mwisho, akapenya kwa viwiko. Alianza juu kwa mazoea. Kuchota maji: halimo. Kupasua kuni: halimo. Akateremka mpaka mstari wa chini kabisa, ulioandikwa kwa mwandiko mzito wa Mama Mkuu.

Kuosha vyoo vyote, wiki nzima: Zena Abdulhamid, Theodosia Luambano.

Akausoma mara mbili. Akausoma mara ya tatu kwa kidole. Halafu akaweka mikono kiunoni, akajaza kifua hewa, na sauti iliyotoka iliwafanya kunguru waruke kutoka kwenye paa la ghala.

"Wiki nzima? Vyote? Na mgongo wangu huu? Huu ni uonevu!"

Wasichana wakamgeukia. Mmoja, yule aliyekuwa akimpishia njia miezi yote, akamsukuma bega.

"Toka hapa na mgongo wako! Mimi nimeviosha wiki mbili! Kamata ndoo, maiti we!"

Theodosia akaenda kukamata ndoo, anacheka, na alipofika kitandani akakuta sabuni yake imeibiwa.